Reli ya Watu: Garimoshi la Ngome Kongwe na Bububu

Watoto wa skuli hapa Unguja wanaweza kukutajia mwaka ambao Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa, 1896, na mwaka ilipofika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, 1901. Wanajua kwamba Wajerumani walianza kutandika reli yao Tanga mwaka 1893. Lakini waulize juu ya garimoshi lililokuwa likitoka Ngome Kongwe kwenda Bububu, wengi watadhani unawatolea hadithi. Nimefundisha historia katika skuli iliyo kando ya barabara ya Bububu mpaka nikastaafu, na jambo hili halijaacha kuniuma. Reli hiyo ilikuwapo. Ilikuwa na urefu wa maili saba, yaani kama kilomita 11, na wenyeji waliipanda kila siku.

Haikuwa hata reli ya kwanza kisiwani. Mwaka 1879 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, alitandikiwa njia ya chuma kutoka kwenye jumba lake la mjini hadi jumba la Chukwani, kusini mwa mji. Barghash alikuwa ameishi Bombay alipohamishwa na Waingereza baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, na Bombay ilikuwa na treni tangu 1853. Mwaka 1875 akazuru Uingereza na kuona zaidi. Hapo mwanzo mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza injini ya mvuke kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Ilikuwa reli ya mfalme na watu wa jumba lake. Barghash alipofariki mwaka 1888, reli ziling'olewa na injini ikauzwa kama chuma chakavu.

Reli ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya watu. Ilijengwa kati ya 1904 na 1905, na walioijenga walikuwa Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney ya New York. Kampuni hiyo haikuwa ya reli. Ilikuwa ya wanunuzi wa pembe za ndovu. Pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka Manyema na Tabora hadi Bagamoyo zilivushwa hadi Unguja, zikapimwa na kukaguliwa, kisha zikapakiwa melini kwenda Marekani. Huko katika jimbo la Connecticut zilipasuliwa vipande vyembamba na kubandikwa juu ya vibonyezo vya piano. Utajiri wa kampuni ulitokana na kazi hiyo.

Lakini mambo yalikuwa yakibadilika. Reli ya Uganda ilipofika ziwani, mzigo wa bara haukuhitaji tena mabega ya wapagazi, na bidhaa nyingi zikaanza kushukia Mombasa badala ya kupitia Unguja. Mwaka 1905, wakati garimoshi la Bububu linaanza safari, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa kupita wote wa pembe, alifariki nyumbani kwake hapa mjini. Mimi huwaambia vijana wazitazame tarehe hizi mbili pamoja. Zama za misafara zilikuwa zinafungwa, na kampuni iliyotajirika kwa misafara ilikuwa inatandika chuma mlangoni petu.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Upana kati ya reli na reli ulikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Reli za Mombasa na Tanga zilikuwa za mita moja, na reli mpya za leo za Nairobi na Dodoma ni za milimita 1,435. Darasani nilikuwa nikichora sakafuni mistari miwili ya chaki kwa vipimo hivyo vya Bububu, kisha namwita mwanafunzi asimame katikati na kutanua miguu. Hata mtoto wa darasa la saba aliweza kukanyaga mistari yote miwili kwa mara moja. Hapo ndipo walipoelewa namna treni ilivyoweza kupita katika mitaa ya Mji Mkongwe. Njia nyembamba hukubali kona kali, reli zake ni nyepesi, mataruma yake ni mafupi, na tuta lake halihitaji udongo mwingi. Gharama hupungua kila mahali. Kwa mji uliojengwa nyumba kwa nyumba, ambako mikokoteni miwili ikikutana mmoja lazima usubiri, hapakuwa na treni nyingine iliyoweza kufaa.

Stesheni ya mjini ilikuwa Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kuta zilizowekwa kuzuia maadui sasa zilikuwa zinapokea abiria na vikapu vyao. Kutoka hapo garimoshi lilipenya mjini kuelekea Malindi. Zipo picha za zamani, nyingine zilizochapwa kama kadi za posta, zinazoonyesha injini na mabehewa yake katikati ya mtaa, kuta za nyumba ndefu ziko kulia na kushoto, na watu waliovaa kanzu wamesogea kando kupisha. Hakuna uzio wala geti. Kengele ya treni ndiyo iliyowaambia watu wasogee, na aliyekuwa barazani kwake alilitazama garimoshi likipita karibu na magoti yake.

Baada ya Malindi njia ilishika pwani kwenda kaskazini. Ilipita upande wa Maruhubi, ambako jumba la Barghash lilikuwa limeungua mwaka 1899, kwa hiyo abiria wa mwanzo kabisa walikuta tayari ni gofu lenye nguzo zilizosimama peke yake. Ikaja Mtoni, penye jumba la Sayyid Said, baba yake Barghash, alikozaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Ikapita Kibweni, na ikaishia Bububu, kwenye minazi na mashamba, karibu na chemchemi ambayo Barghash aliivutia mabomba kuleta maji mjini. Kwa hiyo maji ya Bububu yalifika mjini kabla ya treni, na treni ikaja kufuata upande ule ule.

Treni zilikwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na safari ziliendelea mpaka usiku. Abiria wengi walikuwa wenyeji. Lilikuwapo pia behewa la daraja la kwanza, hasa kwa ajili ya wageni wa meli. Meli zilizotia nanga Unguja zilikaa muda mfupi, na mgeni aliyeshuka aliweza kupanda treni pale Ngomeni, akaliona shamba, akarudi kabla meli haijang'oa nanga. Utalii tunaoutegemea leo ulikuwa na behewa lake tangu wakati huo. Hata hivyo, behewa la wageni lilikuwa moja lililoungwa kwenye treni ya watu wengi.

Hili ndilo jambo kubwa kwangu. Zitazame reli nyingine za pwani yetu zilizojengwa miaka ile. Reli ya Uganda ilijengwa ili dola ya Uingereza ilishike ziwa na chanzo cha Nile. Reli ya Tanga ilijengwa ili mazao ya mashamba ya Usambara yafike bandarini. Kule Mombasa ilikuwapo njia ndogo ya futi mbili kisiwani, ambayo juu yake wakubwa walikaa kwenye vitoroli vilivyosukumwa na wanaume wanaokwenda mbio nyuma yao. Ya Bububu ilikuwa tofauti. Haikufika kwenye mashamba makubwa ya karafuu, na karafuu nyingi zaidi zilitoka Pemba na kuja kwa majahazi. Ilichobeba kila siku ni watu: wa shamba waendao mjini, wa mjini waendao shamba. Kabla yake safari hiyo ilikuwa ya miguu, punda, gari la ng'ombe au mashua. Mtu wa Bububu mwenye mgonjwa, kesi au harusi mjini sasa aliweza kwenda na kurudi siku ile ile bila kuchoka.

Kwa maoni yangu, sababu hiyo hiyo ndiyo iliyoiua. Nauli za watu wa kawaida hazilipi kama shehena. Mwaka 1911 serikali iliinunua reli kutoka kwa Wamarekani. Kisha zikaja motokaa, barabara zikatengenezwa, na gari lenye magurudumu ya mpira likaweza kumfikisha mtu mahali ambapo reli haikufika. Mwaka 1922 treni za abiria zilisimamishwa. Njia haikung'olewa papo hapo. Ilitumika kubebea mawe ya kujaza ufukwe wakati wa kazi za bandari, na kabla ya mwaka 1930 nayo ilikwisha. Ardhi tunayoikanyaga pale bandarini ina mawe yaliyofikishwa na garimoshi la Bububu.

Leo daladala namba 502 zinafuata upande ule ule, kutoka mjini hadi Bububu, zikipita Mtoni na Kibweni. Ngome Kongwe watu huenda kusikiliza muziki wa Sauti za Busara na kutazama filamu za tamasha la ZIFF, na wengi hawajui kwamba wamekaa kwenye stesheni. Naomba mambo mawili. Kwanza, kiwekwe kibao Ngome Kongwe na kingine Bububu, vyenye ramani ya njia na miaka yake. Pili, walimu wenzangu wawapeleke wanafunzi kwenye Nyaraka za Taifa kule Kilimani, na wawatume kwa wazee wa Malindi, Mtoni na Kibweni. Waliolipanda garimoshi wameshatangulia mbele ya haki, lakini watoto na wajukuu waliosimuliwa bado wapo.

Nasema hivi pia kwa sababu ya sasa. Barabara ya Bububu imejaa magari kila asubuhi, na wanaotafuta dawa yake huanza kwa kuuliza wageni watafikaje hotelini na mizigo itatokaje bandarini. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita mtu wa shamba aliweza kupanda treni mjini usiku, akarudi kwake. Wanaopanga usafiri wa kisiwa hiki waanze na mtu huyo.