Uhifadhi wa mafaili ya makazi (Kaloleni, Nairobi)
Kaloleni, Eastlands, ni mtaa uliojengwa na baraza la manispaa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika. Ripoti za mwaka za afisa wa manispaa aliyesimamia masuala ya Waafrika zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, iliyoundwa kwa sheria ya 1965.

Mafaili ya wapangaji wa sasa, kwa upande wake, yamo kwenye seva: faili la mpangaji aliyepo hubaki kwenye sehemu ya kazi. Mpangaji akihama, faili lake huhamishiwa kwenye sehemu ya hifadhi ya seva hiyo, kwa nambari ya nyumba na mwaka, hufungwa lisomwe tu, na nakala huwekwa katika jengo jingine. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hukataza kuweka taarifa binafsi kupita muda unaohitajika, isipokuwa kwa sababu kama za kihistoria.