Akili mnemba: Itazame hesabu yake kwanza

Swali tunaloulizwa sana kipindini kuhusu akili mnemba ni hili: je, siku moja mashine zitatuchukia na kutumaliza? Swali ni la haki, ila neno "kutuchukia" linatupoteza njia. Mashine haihitaji chuki ili imuumize mtu. Inatosha ipewe hesabu mbaya, na waliotengeneza wawe na haraka.

Akili mnemba ni nini?

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano mingi mno ya maandishi, picha na sauti za watu. Haiandikiwi kila hatua ya kufuata. Hupewa lengo, inajaribu, inapewa alama, inajirekebisha, inajaribu tena mara nyingi sana. Kinachopewa alama inakifukuzia. Kisichopewa alama haikijali.

Hesabu ya tajiri

Aliyewahi kupanda daladala ya Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta anaelewa jambo hili bila kompyuta. Asubuhi dereva anakabidhiwa gari, jioni tajiri anataka hesabu yake. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Kwa hiyo wanafukuzana na gari la mbele, wanachomekea, wanajaza watu hadi mlangoni, na foleni ikizidi wanakatisha ruti. Mwanafunzi aliyevaa sare anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo.

Dereva huyo huenda naye ana watoto wanaoachwa vituoni na madereva wenzake. Hana roho mbaya kuliko mimi na wewe. Ni kwamba mwanafunzi hayumo kwenye hesabu ya jioni. Na dereva mmoja akiamua kwenda taratibu, gari la nyuma litampita na kubeba abiria wote. Hesabu haitatimia, na kesho gari atapewa mwingine.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, yalikuja na msongamano na shida zake. Lakini dereva wake hagombanii abiria, kwa sababu analipwa mshahara na nauli inalipwa kituoni. Madereva ni watu walewale wa Dar es Salaam. Kilichobadilika ni hesabu.

Mbio za kampuni

Kampuni za akili mnemba nazo zinafukuzana. OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022. Miezi michache baadaye Microsoft na Google nazo zilikuwa barabarani na za kwao. Machi 2023 wataalamu wengi walitia saini barua ya wazi wakiomba utengenezaji wa mifumo yenye nguvu zaidi usimame kwa miezi 6. Hakuna kampuni kubwa iliyosimama.

Mei mwaka huohuo, wakuu wa OpenAI na Google DeepMind walikuwa miongoni mwa waliosaini tamko fupi: kwamba hatari ya akili mnemba kuwamaliza binadamu ipewe uzito sawa na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Wapo wataalamu wanaoona hofu hiyo imekuzwa. Lakini angalia walichofanya waliosaini: waliendelea na mbio. Si lazima tuwaite wanafiki. Kila mmoja anaona kwamba akisimama yeye, abiria watabebwa na mwenzake.

Yaliyotokea jirani

Facebook hutumia mashine kuchagua ni chapisho gani ulione kwanza. Mwaka 2018 kampuni ilibadilisha hesabu ya mashine hiyo ili ipendelee machapisho yanayovuta maoni na mazungumzo. Nyaraka za ndani zilizotolewa mwaka 2021 na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kwamba wafanyakazi wenyewe walionya: maneno ya hasira yalikuwa yakipata nguvu. Mashine haikuagizwa kueneza hasira. Iliagizwa kuvuta maoni, na sisi binadamu tukikasirika ndipo tunapoandika sana.

Novemba 2021, wakati wa vita vya Tigray nchini Ethiopia, Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar aliuawa baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumsingizia. Desemba 2022 mwanawe alikuwa miongoni mwa waliofungua kesi jijini Nairobi dhidi ya Meta, inayomiliki Facebook. Meta inasema uchochezi hauruhusiwi kwenye mitandao yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo.

Simu iliyo mkononi mwako

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaujua wote. Tapeli hakujui. Anatuma kwa watu wengi akitafuta mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Sasa zipo programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia kipande kifupi tu, kama kile unachorekodi kwenye kundi la WhatsApp. Mama aliyeko kijijini akisikia sauti ya mwanawe wa Temeke akilia kwamba amekamatwa, mkono unaenda kwenye simu kabla ya akili. Tena wengi tumelelewa kutomhoji mkubwa, na tunaona aibu kumwambia ndugu, "Thibitisha kama ni wewe." Tapeli anakula kwenye aibu hiyo.

Mambo ya kufanya:

1. Ukipigiwa kuhusu hela ya dharura, kata simu. Mpigie mhusika kwa namba uliyonayo siku zote.

2. Kubalianeni nyumbani swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa mtandaoni. Mkikubaliana mapema, kuulizana hakutakuwa dharau, hata kwa baba au shangazi.

3. Ujumbe wa kitapeli upeleke TCRA kwa namba 15040. Kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

4. Video au sauti ikikupandisha hasira, usiisambaze papo hapo. Jiulize nani anafaidika ukiisambaza.

Swali hilo la nne liulize hata kwa programu yoyote mpya unayoshauriwa kuweka kwenye simu. Jua hesabu yake ya jioni inapelekwa kwa nani, na kama wewe umo ndani yake au umeachwa kituoni.