Namba Tasa: Utasa wa Vigawo, Si wa Vigawe

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali nchini Tanzania, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Kazi ya kuzifikisha istilahi mpya darasani iliwaangukia walimu, na kwa hiyo vyuo vya ualimu, kama kile cha Butimba, Mwanza, vina sehemu yake katika historia ya maneno yetu.

Istilahi za namba hazikutoka mahali pamoja. Shufwa na witiri zina asili ya Kiarabu. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe Wagiriki waliiita "ya kwanza", na Warumi na Waarabu wakafuata maana hiyohiyo. Sisi tulichukua neno la nyumbani, tasa, yaani asiyezaa.

Mwalimu wa Butimba aweza kulieleza kwa samaki wa ziwani. Sato 12 hupangika katika safu 3 za samaki wanne wanne. Sato 13 hawapangiki hivyo. Watakaa katika safu moja tu, au kila mmoja peke yake.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alithibitisha kwamba 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, ni namba tasa. Hakuigawa kwa kila namba. Kama ingekuwa na vigawo viwili vingine, kidogo kati ya hivyo kisingezidi 46,340. Tena alionyesha kwamba namba tasa yoyote ya kuigawa ingebakiza 1 au 63 ikigawanywa kwa 248. Alizijaribu hizo chache, asipate hata moja. Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, kwa msaada wa kompyuta, ina tarakimu 41,024,320. Nayo si ya mwisho, kwani Euclid alikwisha kuthibitisha kwamba namba hizo hazina kikomo.

Wako wanaolipinga neno hili. Husema kwamba tasa ni tusi katika jamii yetu, na tena si kweli, kwa kuwa kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, hutokana na namba tasa zilizozidishwa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, jibu limo katika istilahi zetu wenyewe. Namba tasa imekosa vigawo vingine, bali vigawe vyake havina mwisho. Utasa wake ni wa kugawanywa, si wa kuzaa.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuliacha neno lililokwisha kuzoeleka. Linalotupasa ni kulifundisha pamoja na maana yake kamili, ili mtoto asibaki na tusi badala ya hisabati. La kusikitisha zaidi ni kwamba neno hili, lililolelewa kwa jasho la walimu, huishia shule ya msingi. Katika sekondari mwanafunzi huanza upya kwa Kiingereza. Istilahi isiyotumiwa ndiyo tasa ya kweli.