Suluhu ya Mungu

Suluhu ya Mungu (kwa Kilatini: Treuga Dei) ilikuwa amri ya Kanisa katika Ulaya Magharibi, hasa karne ya 11, iliyokataza mapigano katika siku fulani za juma na majira fulani ya mwaka. Isichanganywe na Amani ya Mungu (Pax Dei) iliyoitangulia: hiyo haikuhusu siku, bali watu na mali zisizopaswa kuguswa.

Chanzo

Dola la Karolo Mkuu liliposambaratika, wafalme wa Ufaransa walikosa nguvu ya kuwazuia makabaila waliojijengea ngome. Kabaila aliyegombana na jirani yake aliona ni rahisi kuchoma mashamba na kuswaga mifugo kuliko kushambulia ngome yenyewe. Aliyeumia ni mkulima, ambaye ugomvi haukumhusu. Mwaka 989 maaskofu wa Aquitaine walikutana Charroux wakawalaani waliovunja makanisa, waliowapiga makleri wasio na silaha, na waliowapora maskini kondoo, ng'ombe, punda, mbuzi au nguruwe wao. Orodha hiyo ya mifugo yaonyesha wazi vita vile vilikuwa vya namna gani.

Siku zilizokatazwa

Mwaka 1027 mtaguso wa Toulouges, chini ya Oliba, askofu wa Vic, ulikataza kumshambulia adui tangu Jumamosi saa tisa alasiri hadi Jumatatu saa moja asubuhi (saa za Kirumi zilihesabiwa kama za Kiswahili, tangu macheo). Mnamo 1041 katazo lilianza Jumatano jioni: Alhamisi kwa kukumbuka Kupaa kwa Yesu, Ijumaa mateso yake, Jumamosi kuzikwa kwake, Jumapili ufufuko. Baadaye ziliongezwa Majilio na Kwaresima.

Utekelezaji

Wapiganaji waliapa mbele ya masalia ya watakatifu, na mvunja kiapo alitengwa na Kanisa. Adhabu hiyo iliogopwa, lakini si na wote. Mwaka 1038 Aimon, askofu mkuu wa Bourges, aliamuru kila mwanamume kuanzia miaka 15 aape kupigana na wavunja amani. Makleri walitangulia na bendera za makanisa, na ngome kadhaa zikaangushwa. Lakini, kama alivyosimulia mtawa Andrea wa Fleury, jeshi hilo la amani liliteketeza ngome ya Bannegon pamoja na watu waliokimbilia humo. Muda mfupi baadaye lilishindwa vibaya na Odo wa Déols karibu na mto Cher. Andrea anataja makleri 700 waliokufa.

Mipaka yake

Suluhu iliwalinda Wakristo peke yao. Mwaka 1095 huko Clermont, Papa Urban II aliithibitisha katika mtaguso uleule alimoitisha Vita vya Msalaba. Vivyo hivyo Mtaguso wa pili wa Laterano (1139) ulikataza kuwapiga Wakristo kwa mishale na pinde za kufyatua, bila kutaja wengine.