Waliobaki Cahaba: Nani Huhesabiwa Mji Ukiitwa Mahame?

Mji wa Cahaba, katika jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, unasemekana kuuawa na mafuriko. Ulijengwa kwenye makutano ya mito Alabama na Cahaba, na maji yaliufikia kweli. Hata hivyo, masimulizi hayo yanaficha mambo mawili: maamuzi ya wanasiasa, na watu walioishi hapo baada ya mji kutangazwa kuwa umekufa.

Gavana William Wyatt Bibb ndiye aliyepigania makao makuu ya jimbo yawe Cahaba, na yakawa hapo kuanzia 1820. Mwaka huohuo Bibb akafariki. Wapinzani waliotaka serikali isogee upande wa mto Black Warrior wakapata nguvu, na mwaka 1826 makao yakahamishiwa Tuscaloosa. Mafuriko yaliwapa hoja, lakini hayakuumaliza mji: kufikia miaka ya 1850 Cahaba ilikuwa bandari tajiri ya pamba, na mwaka 1859 ikapata reli. Utajiri wenyewe ulikuwa jasho la watumwa. Katika kaunti ya Dallas, kulikokuwa na mji huo, takriban watu watatu kati ya wanne mwaka 1860 walikuwa watumwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliporomosha hayo yote. Serikali ya majimbo ya kusini iling'oa vyuma vya reli kwa matumizi ya kijeshi, na ghala la pamba likageuzwa gereza la Castle Morgan, walimosongamana maelfu ya mateka wa kaskazini. Mwaka 1865 maji yakapanda tena. Mwaka 1866 makao ya kaunti yakahamia Selma, na matajiri wakayafuata.

Wasimuliaji wengi hufunga kitabu hapo, na hapo ndipo ninapopingana nao. Watu waliotoka utumwani walibaki. Viwanja vya mji wakavilima, na jengo la mahakama lililoachwa wakalifanya mahali pa mikutano ya siasa, wakati kaunti yao ilipokuwa ikipeleka wawakilishi Weusi Washington: kwanza Benjamin Turner, kisha Jeremiah Haralson. Mmoja wa hao waliokuwa watumwa alinunua sehemu kubwa ya mji kwa dola 500, akabomoa majengo na kusafirisha vifaa vyake kwa meli hadi Selma na Mobile. Kwa hiyo utupu anaouona mgeni leo kwa kiasi fulani ni kazi ya mtu huru aliyefanya biashara kwa mali ya waliowatumikisha watu kama yeye. Kuuita uchakavu wa wakati ni kumnyang'anya kazi yake.

Atakayepinga atasema kwamba jamii hiyo nayo ilitawanyika. Ni kweli; kufikia 1900 majengo mengi yalikuwa yameungua, yameanguka au yamebomolewa. Lakini kupungua kwao ni historia inayohitaji uchunguzi wake, ya ardhi, madeni ya pamba na haki ya kura, ambayo katiba ya Alabama ya 1901 iliwapokonya Weusi walio wengi.

Wala hesabu haianzii 1820. Chini ya mitaa ya Cahaba kuna mabaki ya kijiji cha Wahindi Wekundu kilichozungukwa na handaki, cha karne kadhaa kabla ya Bibb. Mwaka 1814, kwa mkataba wa Fort Jackson, Wacreek, taifa la Wahindi Wekundu, walilazimishwa kuachia mamilioni ya ekari za Alabama. Mwanaakiolojia anayechimba Cahaba ana mahame matatu mbele yake, na la waliokuwa watumwa linastahili kuchimbwa kwa uangalifu uleule unaopewa gereza la askari.