Jinsi nyufa na uchakavu vinavyodhoofisha mabwawa ya zege wakati wa tetemeko

UKUTA wa bwawa la zege huonekana kama mwamba usiotikisika. Hata hivyo, uthabiti wake wakati wa tetemeko la ardhi hautegemei unene pekee, bali pia hali ya zege lenyewe siku ardhi inapotikisika.

Zege huhimili sana mgandamizo, lakini ni dhaifu linapovutwa: nguvu zake za kustahimili mvuto ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya zile za kustahimili mgandamizo. Siku za kawaida, uzito wa ukuta hulibana zege. Tetemeko huuyumbisha ukuta huku na huko, na sehemu zilizokuwa zimebanwa huanza kuvutwa.

Hayo yalidhihirika Desemba 11, 1967, katika bwawa la Koyna, jimbo la Maharashtra, India. Tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 6 katika vipimo vya Richter liliua takriban watu 180 katika eneo hilo na kuacha nyufa za mlalo pande zote mbili za ukuta huo wenye kimo cha mita 103. Nyingi zilitokea mahali ambapo mteremko wa ukuta hubadilika ghafla. Bwawa halikubomoka. Nyufa zilijazwa gundi ya epoksi na baadaye ukuta ukaongezewa viegemeo vya zege.

Bwawa la Koyna lilikuwa bado jipya. Katika mabwawa makongwe, mengine huongezeka: maji yanayopenya huyeyusha chokaa, na baadhi ya mawe huathiriana na alkali za saruji hadi zege likavimba na kupasuka. Uvimbe huo umeshuhudiwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, bwawa lililokamilika mwaka wa 1959 katika eneo lililokumbwa na matetemeko makubwa mwaka wa 1963.

Ufa hupunguza eneo linalobeba mzigo. Isitoshe, maji yakiingia humo kwa shinikizo huusukuma ukuta juu, na kuupunguzia uzito unaouzuia kuteleza.

Umri wenyewe si kasoro, kwani zege lililotengenezwa vyema huzidi kukomaa kwa miaka mingi. Ndiyo maana wahandisi hawategemei michoro ya awali tu. Huchoronga sampuli, hupima nyufa na maji yanayovuja, kisha hukokotoa upya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wakazi wa bondeni, huenda hata nafasi ya kuujenga isipatikane.