Rangi za Matatu

Alfajiri katika mtaa wa Umoja, mashariki ya jiji la Nairobi, abiria husimama kando ya barabara wakingojea gari. Yakifika magari mawili pamoja, vijana hulikimbilia lile lililopambwa kwa picha za waimbaji na wachezaji wa kandanda, hata kama limekwisha kujaa. Gari la namna hiyo huitwa nganya. Je, mapambo hayo yalianzaje?

Jina la matatu lilitokana na nauli ya zamani, senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni ya mabasi, nayo yakazidi kuwa mengi. Palipo na wachuuzi wengi, kila mmoja hutafuta njia ya kumvuta mnunuzi. Basi wenye magari wakawaendea wachoraji. Katika miaka ya 1970, vijana wa New York walikuwa wakichora herufi nene zilizopindana juu ya magari ya moshi, kwa rangi ya kupuliza. Mtindo huo ukafika Nairobi pia. Lakini wale wa New York walichora kwa siri, wakikimbizwa na polisi. Mchoraji wa nganya huitwa na mwenye gari, naye hulipwa ujira wake.

Mwezi Februari mwaka 2004 zilianza kutumika amri za Waziri John Michuki. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, na ipakwe mstari wa manjano ubavuni. Picha nyingi zikafutwa, na wachoraji wakapungukiwa na kazi. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea wachoraji hao, na rangi zikarudi kwa wingi. Mwezi Novemba mwaka 2018 amri za Michuki zikakazwa tena. Hata hivyo nganya hazikutoweka.

Tufundishwe nini na habari hizi? Mkanda huokoa roho ya mtu, na aliyeuamuru alistahili shukrani. Picha inayomziba dereva macho na ifutwe. Lakini rangi iliyopakwa ubavuni haimwui abiria. Kinachomwua ni mwendo wa kasi na pupa ya fedha. Atungaye sheria na apepete kama apepetavyo mpunga: makapi yapeperuke, punje zibaki katika ungo.